SHABAHA YA KWANZA NI NIDHAMU

Kila mara linapotajwa wazo la kuwafundisha wafanyakazi na wakulima wa mahali kama Buhembe kulenga shabaha siku za Jumamosi na Jumapili, jamaa zao wakiwapo, watu hugawanyika. Wengine huona ni mchezo, wengine huona ni hatari tupu. Sisi twasema si mchezo hata kidogo, na hatari yake ndiyo sababu ya kuyataka mafunzo yenyewe yawe mema.

Wananchi wa Kagera hawana haja ya kuhadithiwa maana ya ulinzi. Mwaka 1971 TANU, katika Mwongozo wake, ilitaka wananchi wafundishwe kuilinda nchi yao. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yakaua na kupora, na mwezi uliofuata daraja la Kyaka likavunjwa. Mgambo kwa maelfu wakatoka mashambani na makazini, wakajiunga na Jeshi la Wananchi, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yatukumbusha gharama yake.

Katiba yetu, katika ibara ya 28, yasema kuilinda nchi ni wajibu wa kila raia. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 147, yamkataza mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi. Ibara hizo hazina budi kusomwa pamoja. Basi mahali pa mafunzo haya ni katika mgambo, chini ya wakufunzi waliowekwa kwa sheria. Bunduki zitoke ghalani zikihesabiwa, zirudi zikihesabiwa, na risasi hali kadhalika.

Mwanafunzi asianze kwa kufyatua. Aanze kwa kujua kwamba kila bunduki ni ya kuhesabiwa kuwa ina risasi. Kwamba mtutu hauelekezwi kwa mtu. Kwamba kidole hakigusi kifyatulio mpaka amri itolewe. Na kwamba mlengaji hutazama pia kilichoko nyuma ya shabaha. Huku kwetu nyuma ya migomba kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna watu. Wazee husema mtoto akililia wembe mpe. Lakini bunduki si wembe. Wembe humkata mtu akajifunza. Risasi haimpi mtu somo la pili.

Je, jamaa waje kufanya nini? Mke au mume atakayejiandikisha afundishwe sawa na mwenziwe. Watoto wasipewe silaha kamwe, bali wapewe somo lao mbali na uwanja wa shabaha. Novemba 1917 haikuwa ya kwao, lakini Novemba 2017 ni ya juzi: katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa liliwaua wanafunzi watano. Mtoto anayejua kuwa chuma asichokitambua hakiguswi, bali huambiwa mtu mzima na mtu mzima akaita polisi, ameokoa darasa zima.

Tuna neno pia kwa waajiri. Wengi wa waliopitia mgambo huajiriwa kuwa walinzi wa usiku. Si haki mtu kukabidhiwa bunduki na mali ya mamilioni, kisha mshahara wake ukacheleweshwa, na shabaha yake isipimwe tena miaka nenda rudi. Mwajiri ampe nafasi ya kurudia mafunzo, wala asimkate ujira kwa siku hizo.

Na kwa mgambo wenyewe twasema hivi: sifa mliyoirithi ilinunuliwa kwa damu. Kila mara mmoja wenu anapomwonea mama muuza ndizi sokoni, anaitia doa. Aliyefunzwa kuilinda nchi hana budi kujua kwamba nchi ni huyo mama.

Basi Buhembe na wajifunze, na wajifunze kwa utaratibu. Mkono uliotulia hupata shabaha. Lakini mkono hautulii mpaka moyo umefunzwa kwanza.