UCHAMBUZI: Uimara wa rimu haumo katika mng'aro

KATIKA maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, rimu za alumini hung'aa zikiwa zimepangwa sako kwa bako, na machoni pa mnunuzi zote ni sawa.

Lakini kuna aina mbili kuu, na tofauti baina yazo yaweza kuamua iwapo gari litavuka shimo salama au litaharibikiwa na gurudumu katika mwendo wa kasi.

Aina ya kwanza ni rimu za kusubu. Alumini huyeyushwa pamoja na silikoni ya takriban asilimia saba, kisha humiminwa katika kalibu. Njia hii ni nafuu, na ndiyo iliyozalisha rimu nyingi za alumini zinazokuja na magari kutoka viwandani.

Hata hivyo, metali inapopoa, vitundu vidogo vya hewa huweza kusalia ndani yake. Ili kufidia udhaifu huo, watengenezaji huinenepesha rimu, nayo ikawa nzito zaidi. Ikigonga ukingo wa shimo kwa kishindo, huelekea kupasuka badala ya kupinda.

Aina ya pili ni rimu za kufua. Hapa alumini haimiminwi. Pande lake gumu hupashwa moto na kukandamizwa kwa nguvu ya maelfu ya tani. Ni kazi ile ile ya mhunzi afuaye jembe, ila nyundo sasa ni mtambo. Kampuni ya Alcoa ya Marekani ilianza kuunda rimu za namna hii mwaka 1948, kwa ajili ya malori.

Kwa kuwa metali imeshindiliwa ikashikamana, rimu huweza kufanywa nyembamba na bado ikahimili mzigo ule ule. Uzani waweza kupungua kwa takriban robo. Aidha, ikizidiwa nguvu, kwa kawaida hupinda kabla ya kupasuka.

Wepesi huo una manufaa. Gurudumu halibebwi na springi wala shokomzoba, hivyo kila kilo inayopunguzwa hapo huliwezesha tairi kukamata barabara vyema na breki kufanya kazi kwa wepesi. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya ile ya rimu za kusubu.

Je, dereva wa kawaida anahitaji gharama hiyo? Mbio za magari zina funzo. Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, magari ya kiwango cha juu yalitumia rimu za inchi 15 tu, zikiwa na tairi nene. Zile za inchi 18 hutengewa mashindano ya barabara za lami.

Kinyume chake, wenye magari mijini huvua rimu za inchi 15 na kuweka za inchi 18 zenye tairi nyembamba kama utepe, kisha wakayakabili mashimo. Katika barabara mbovu, unene wa tairi huikinga rimu kuliko jina la njia iliyoiunda.

Hatari kubwa zaidi ni rimu kuukuu zilizopasuka, zikachomelewa na kupakwa rangi upya. Joto la kuchomelea huondoa ugumu ambao alumini ilipewa kiwandani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) huhitaji magari yaliyotumika yakaguliwe kabla ya kusafirishwa nchini. Ukaguzi huo hauwezi kuzifuata rimu zinazobadilishwa baadaye. Ni jukumu la mnunuzi kuigeuza rimu na kutazama mgongo wake: herufi JWL za kiwango cha Japani, VIA inayothibitisha kuwa ilipimwa, na uzito inaoweza kubeba.

Rimu ya kusubu iliyopimwa ni salama kuliko ya kufua isiyojulikana ilikotoka.