Filamu Fupi Iwe ya Dakika Ngapi?

Muhula huu umekuwa na ubishi mwingi kati ya wenzetu wanaotengeneza filamu ya mto Katuma, nami naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu. Ubishi wenyewe ni huu: filamu hiyo iwe ya dakika ngapi itakapoonyeshwa mbele ya wazazi? Hivi sasa ina dakika 34. Wengine wataka ibaki hivyo hivyo. Wengine wataka ikatwe mpaka 10, ipate kupelekwa upesi kwa simu.

Kwanza yafaa tujue kwamba hakuna sheria moja ya jambo hili. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha picha zao mjini Paris mwezi wa Desemba 1895, kila picha haikufika dakika moja, kwa kuwa utepe ulioingia katika mashine yao ulikuwa wa meta 17 hivi tu. Picha yao ya gari moshi likiingia stesheni ina sekunde kama 50. (Sisi wa Mpanda, tuliozoea kulingoja gari la Kaliua, twaweza kudhani imekatwa mno.) Baadaye ukaja utepe wa milimita 16, gurudumu lake la futi 400 lilikwisha kwa dakika 11. Na leo wale watoao tuzo ya Oscar huko Marekani huiita fupi filamu yo yote isiyozidi dakika 40, pamoja na majina ya watengenezaji. Basi zamani mashine ndiyo iliyoamua. Simu haiamui neno, kwa hiyo sharti tuamue wenyewe.

Niliitazama filamu yetu nikiwa na saa mkononi. Hotuba ya kukaribisha ni dakika 4. Safari ya kutoka shuleni mpaka mtoni, dakika 5, nayo karibu yote ni vumbi. Wimbo ni 6, na majina ya waliosaidia ni 3. Jumla ni 18, na mpaka hapo mtazamaji hajaambiwa lo lote juu ya maji. Zinabaki dakika 16: mkulima wa mpunga 5, mfugaji 6, na 5 za mto wenyewe wakati wa kiangazi, pamoja na viboko waliosongamana katika tope.

Wale wa dakika 10 wamekwisha ondoa zile 18, na hapo nakubaliana nao kabisa. Lakini wataka kumwondoa na mfugaji pia. Sababu yao ni kwamba mzee yule husema Kisukuma, na mkalimani huyarudia maneno yake kwa Kiswahili, hata kila jambo likasikika mara mbili. Hapa nawapinga. Mkulima amesema kwamba ng'ombe huharibu majaruba yake; mfugaji amejibu kwamba mifereji ya mashamba imeyamaliza maji kabla hayajafika kwa ng'ombe wake. Ukiondoa jibu, shtaka hubaki peke yake. Na watakaoketi mbele siku ile ni wakulima na wafugaji, wazazi wetu wenyewe, ambao mwezi wa tisa watakutana tena mtoni.

Mwenzangu mmoja amenishauri kwamba maneno ya Kiswahili yaandikwe chini ya picha, mkalimani aondolewe. Ni shauri jema kwa wasomao upesi. Lakini wako wazee wasiosoma, nao wakikosa sauti wamekosa yote. Wale waliotengeneza senema huko Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, walilijua jambo hili: picha ilikuwa bubu, na sauti ilitoka katika sahani za santuri, zilizotiwa lugha mbalimbali. Mkalimani abaki.

Wengine watasema dakika 16 ni nyingi kwa watu wa leo. Sidhani. Filamu "Watu Wote" ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Katja Benrath na kupigwa Kenya, ina dakika kama 22. Yaeleza habari ya basi lililoshambuliwa karibu na Mandera mwezi wa Desemba 2015, Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Hofu ya yule abiria Mkristo yahitaji muda wake, na ujasiri wa jirani zake vile vile. Kama ingekatwa nusu, sijui wangemwacha nani.

Jambo moja zaidi ningeliongeza badala ya kulipunguza. Picha ya viboko sasa ni sekunde 20, na juu yake kuna muziki. Iwe dakika nzima, bila muziki, watu wasikie tope lile. Dakika hiyo itolewe katika maneno ya mkulima, ambaye amesema habari ya mbolea mara mbili.

Nakiri kwamba mimi ni mmoja wa waimbaji, nami nasimama mstari wa mbele. Mama amekwisha waambia majirani. Basi wimbo tuuimbe wenyewe siku ile, watu wakiwa bado wanatafuta viti.