Ajali Hii Ina Kinga

Iko methali moja ambayo watu wa mwambao wameigeuza shuka ya kufunikia maiti. Kijana akifa maji katika mbio za ngalawa, utasikia barazani: "Ajali haina kinga." Watu hushusha pumzi, na baada ya siku chache matanga hutwekwa tena vilevile. Na ikiwa marehemu ametoka bara, tuseme Nachingwea au Ruangwa, huongezwa neno la pili: "Angeijulia wapi bahari, mtu wa porini?" Maneno haya mawili hayakai chungu kimoja. La kwanza lasema kifo hakina mkosaji. La pili lamtia hatiani yuleyule aliyekufa. Nakusudia kuyapinga yote mawili.

Nasema juu ya mbio za jioni. Sizikusudii mbio za sikukuu, kama zile za mashua katika Tamasha la Utamaduni la Lamu, zenye waamuzi, watazamaji na zawadi. Nazikusudia zile zisizo na jina wala kombe: wavuvi wamemaliza kazi, upepo ungalipo, ngalawa tatu au nne zakimbizana hadi kwenye boya na kurudi, na mshindi hulipwa kahawa na haki ya kujitapa kwa siku mbili. Mchezo huu ni mzuri. Ni chuo ambacho ndani yake mkono hujifunza demani na jicho hujifunza upepo. Anayetaka upigwe marufuku, mimi si mwenzake. Lakini chuo kinachozika wanafunzi wake hakina budi kuulizwa hufundisha nini.

Msomaji wa kisiwani atauliza: watu wa Nachingwea na Ruangwa wanaingiaje humu, ilhali wilaya zao hazina hata hatua moja ya ufukwe? Jibu limo katika methali nyingine: bahari iliko ndiko mito iendako. Mto Lukuledi huteremka kutoka nyanda za Masasi na Nachingwea na kumimina maji yake katika hori ya Lindi. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947, reli ya Nachingwea ilianzia Mkwaya, kwenye hori hiyohiyo, kabla ya kufikishwa Mtwara. Ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli imekufa, safari haikufa. Vijana wa nchi ya korosho na ufuta hushuka kwa basi na kwa lori kwenda Lindi, Kilwa, Dar es Salaam na hata Unguja, kutafuta riziki ya nyavu, ya kupakua mizigo, ya kujenga nyumba. Mimi nami nilishuka njia hiyo, na hapa kisiwani nimefanya makazi.

Jioni kijana huyo hukaa ufukweni, na ngalawa inayokwenda joshi huhitaji mtu wa kukaa nje, juu ya mti wa mrengu, ili upepo usiilaze. Basi huitwa: "Njoo utie uzito." Hapewi somo, hupewa mahali pa kukaa. Haulizwi kama ajua kuogelea. Yeye ni farumi yenye pumzi. Naye hukubali, maana kukataa ni kuitwa mwoga, na mgeni hana sifa ya akiba.

Wapo wasemao kwamba bahari imo katika damu ya mwenyeji. Kama ni hivyo, kwa nini mradi wa Panje, ulioanza mwaka 2011 huko Nungwi, ulikuta wasichana waliozaliwa hatua chache kutoka majini na ambao hawakujua kuogelea, ukalazimika kuwafundisha mmoja mmoja? Na mwaka huohuo, tarehe 10 Septemba, si karibu na Nungwi hiyohiyo ndipo ilipozama MV Spice Islander I, imebeba watu kupita uwezo wake, wengi wao wana wa visiwa hivi? Julai 2012 ikafuata MV Skagit karibu na Chumbe. Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, katika ziwa ambalo abiria wake waliishi nalo maisha yao yote. Damu haikumwelesha mtu. Kuogelea, kama kusoma na kuandika, huingia kwa kufundishwa. Waliokwenda Nachingwea na matrekta walidhani elimu imo ndani ya chuma, hawakuiuliza ardhi wala mvua, na kufikia mwaka 1951 mradi wao ulikuwa umeanguka. Anayedhani elimu ya maji imo ndani ya ukoo afanya kosa lilelile.

Tuje kwenye hiyo "ajali". Katika miezi ya kusi jua la Lindi huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na huku kwetu machweo hayadumu: kabla ya nusu saa kupita, kichwa cha mtu majini hakitofautiani na wimbi. Mbio zinazoanza saa 11 na nusu zimekwisha kuamua kwamba atakayeanguka mwishoni hataonekana. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika mwambao huu hukaribia mita 4. Maji yanapotoka horini kwa nguvu na kukutana na upepo utokao baharini, mlangoni huinuka mawimbi mafupi, yenye hasira, yanayojaza chombo kuliko mikono inavyoweza kufua. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza tahadhari, mara nyingi kwa maneno yaleyale: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2. Saa ya machweo yajulikana. Bamvua lajulikana kwa mwezi. Upepo umetangazwa redioni. Jambo lililojulikana mara tatu kabla halijatokea, kwa Kiswahili gani laitwa ajali?

Nikisema hivi huambiwa: hizo ni taratibu za klabu za matajiri wa Msasani, wenye boti ya uokozi na filimbi. Sawa, tuzitazame taratibu zenyewe. Kanuni za mashindano ya matanga zinazofuatwa duniani ni kitabu kizima, na kanuni yake ya kwanza haihusu kasi wala ushindi. Yaamuru kila chombo kitoe msaada wote kinachoweza kwa mtu au chombo kilicho hatarini. Kisha kanuni hizohizo zakipa chombo kilichopoteza nafasi kwa sababu ya kuokoa haki ya kudai kifidiwe. Hakuna kigeni hapa. Ni mila ya manahodha wa zamani iliyopata karatasi. Kigeni ni haya tuyaonayo: ngalawa kumpita aliyeanguka kwa kuwa nyuma yake yupo mwingine "atakayemchukua".

Huambiwa tena kwamba jaketi la kuokolea maisha ni ghali. Kweli, si rahisi kwa mvuvi. Lakini ngalawa nne zinazoshindana kwa zamu zaweza kuchangia majaketi machache, na wa kwanza kuvaa awe yule aketiye juu ya mrengu. Dumu tupu lililofungwa kifuniko na kamba si jaketi, ila ni bora kuliko methali.

Lawama yangu ya mwisho naielekeza kwa washairi wa mwambao, kwa kuwa hili ni jarida lao. Wamelisifu tanga, wamemsifu nahodha asiyetetemeka, wamelifanya wimbi kuwa mpenzi na kaburi kwa wakati mmoja. Wangapi wamemsifu mtu aliyeutazama mwezi, akaihesabu saa, akasema: leo hatutoki? Huyo ndiye shujaa niliyemtafuta katika diwani zetu bila kumwona mara nyingi. Lugha iliyomnyima heshima ndiyo iliyomsukuma kijana wa Ruangwa juu ya mti wa mrengu, akiogopa neno "mwoga" kuliko maji.

Basi nadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji wizara. Mbio zianze mapema, ili chombo cha mwisho kifike nanga jua likiwa juu. Siku ya tahadhari, tanga lisitwekwe. Asiyejua kuogelea asiketi nje bila jaketi, naye afundishwe katika maji mafu, kama mtoto afundishwavyo herufi. Na anayegeuza chombo kumwokoa mwenzake arudishiwe nafasi yake mbele ya watu wote, hata kama hiyo nafasi ilikuwa ya kwanza.

Hayo yakifanywa na mtu akafa bado, hapo nami nitasema kwa unyenyekevu kwamba ajali haina kinga. Kabla ya hapo, neno hilo halina haki ya kutamkwa mbele ya mama aliyesafiri kutoka Nachingwea kuja kumzika mwanawe mchangani.