Pikipiki ikifa, naipeleka kwa nani?

Katika wiki za karibuni swali la pikipiki za umeme limetufikia kwa sura nyingi. Wengine mnauliza bei, wengine mnauliza kama zinapanda mlima zikiwa na magunia mawili nyuma. Mmoja wenu aliuliza kwa ufupi kuliko wote: ikifa, anaipeleka kwa nani?

Tunadhani hilo ndilo swali lenyewe. Serikali za ukanda wetu zimeshaanza kuchagua upande. Rwanda, tangu Januari 2025, haiandikishi tena pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria jijini Kigali. Kenya ilizindua mpango wa pikipiki za umeme Septemba 2023, na Rais William Ruto mwenyewe aliuzindua Mombasa. Hapa Tanzania bado ni chache, lakini mwelekeo unajulikana. Kabla hazijafika kijiweni kwako, tuitazame kwanza ile uliyonayo, hasa kama imechoka. Namna pikipiki kuukuu inavyofufuliwa huku kwetu ndiyo itakayotuonyesha nini cha kudai kwa hii mpya.

Siku inapokuwa yako

Madereva wengi wa bodaboda hawaanzi na chombo chao. Unapewa na tajiri kwa mkataba, unapeleka hesabu kila siku, na baada ya mwaka au zaidi pikipiki inakuwa yako. Sasa piga hesabu nyingine. Ukitembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka unapokwisha umepita kilomita 31,000. Hizo ni kilomita za vumbi, matope, mshikaki wa watu watatu, na deiwaka aliyeichukua mchana akairudisha jioni bila kueleza imegonga wapi. Kwa hiyo siku unayokabidhiwa kadi huwa ndiyo siku moshi wa bluu unapoanza kutoka kwenye eksozi.

Moshi wa bluu maana yake oili inaungua pamoja na petroli. Mara nyingi ringi za pistoni zimeisha, au bloku imelika ndani na oili inapita pembeni. (Ukiwa mweusi ni jambo jingine: petroli inazidi hewa, angalia kabureta na chujio la hewa kabla hujamruhusu mtu kufungua injini.) Fundi anashusha injini, anatoa kichwa, anavuta bloku, anapima kwa kidole na kwa uzoefu. Ikiwa imelika, bloku inakwenda mjini kwa mkerezaji, inapanuliwa kidogo, kisha inarudi na pistoni iliyo kubwa zaidi kwa robo au nusu milimita. Valvu zinasagwa zikae vizuri, gasketi zinabadilishwa, diski za klachi zinabadilishwa, na kesho yake dereva anapiga kiki akiwa ameshika pumzi.

Bila kazi hiyo mkataba ungekuwa kiini macho: ungelipa mwaka mzima ili umiliki chuma chakavu. Kinachomfanya dereva awe mwenye chombo ni kule kufungua injini chini ya mwembe, kwa gharama iliyo ndogo sana kuliko pikipiki mpya. Mwaka wa pili, ambao hapelekei mtu hesabu, ndio unaojenga nyumba na kulipa ada.

Hatusemi mafundi wetu hawana makosa. Injini iliyofunguliwa juu ya gunia wakati upepo unavuma hupata mchanga, na mchanga huila pistoni mpya kama ulivyoila ya zamani. Wapo wanaorudisha gasketi iliyotumika, wapo wanaokaza bolti mpaka uzi unakatika. Na kuna tabia moja inayotuudhi: pikipiki inapigwa rangi, inawekewa stika na tenki linang'aa, huku breki za nyuma hazishiki na tairi limekuwa kipara. Injini ikifufuka na breki zikabaki zimekufa, hapo umeiongezea kasi tu.

Kwa nini inafufuka

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya fundi wa kijijini aweze kuifungua injini hiyo bila kitabu. Mwaka 1976 Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walikuwa wamekwenda kuangalia jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyotumia pikipiki, wakakuta kile ambacho sisi tunakijua: zinabebeshwa mizigo kupita kiasi, na oili haibadilishwi mpaka injini igome. Walichofanya ni kurudi nyuma kidogo kiufundi. Injini nyingi za Honda za wakati ule zilikuwa na cheni ndani inayoendesha valvu za juu, na cheni hiyo haipendi oili chafu. Katika CG waliiondoa. Wakaweka gia chini na vijiti viwili vya chuma vinavyosukuma valvu kutoka huko. Ni injini ya kishamba, tukisema bila kuficha, na kwa sababu hiyo inavumilia.

Kisha viwanda vya China vikaiga injini hiyo, kimoja baada ya kingine. Tanzania ilipotoa kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, pikipiki zilizomiminika zilikuwa nyingi za ukoo huo. Majina kwenye tenki yalitofautiana, lakini ndani walikuwa ndugu. Boxer na TVS za India ni ukoo mwingine, na hizo zina cheni ndani.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Futa matope kwenye injini ya pikipiki ya Kichina, utaona maandishi kama 162FMJ. Hiyo 1 ni idadi ya silinda. 62 ni upana wa pistoni kwa milimita. F inasema injini inapozwa kwa hewa, M kwamba ni ya pikipiki, na J kwamba ni ya daraja la 150cc. Ukiona 156FMI, ni ya 125cc. Kwa kawaida ukilitaja neno hilo dukani, utapewa pistoni inayoingia, hata kama kiwanda kilichotengeneza pikipiki yako kilifungwa zamani. Spea haihitaji ruhusa ya mtu.

Zile za zamani zaidi zina tabu yake. Nyuma ya ofisi nyingi za kata na mashirika kuna Yamaha AG100 au DT zilizokuwa za mabwana shamba na mabwana mifugo, zimeegemea ukuta, kuku wametaga chini yake. AG100 inapendwa na wazee kwa sababu ina keria mbele na nyuma, na cheni yake imefunikwa kabisa isiingie tope. Injini yake huchoma oili pamoja na petroli kwa makusudi, kwa hiyo moshi si ugonjwa. Ugonjwa ni mtu kusahau kujaza tenki la oili. Ukiipata kwenye mnada, kabla ya kulipia linganisha namba ya injini na ya fremu na zile zilizo kwenye kadi. Namba zikitofautiana, utakuwa umenunua maswali ya polisi.

Kiwanda kilipokufa

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya umaskini, tunafufua kwa kuwa hatuna. Uingereza wanafufua pia, na wao wanacho. Kampuni ya BSA ya Birmingham ilikuwa wakati fulani kubwa kuliko zote duniani kwa kutengeneza pikipiki, na ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pikipiki zake hazikufa nayo. Tangu 1946 nchi hiyo ina chama cha wapenzi wa pikipiki za kale, kiitwacho Vintage Motor Cycle Club. Vyama vya namna hiyo vimetunza vitabu vya ufundi na michoro, na wanachama wanajuana nani ana spea gani. Gari au pikipiki iliyopita miaka 40 huko husamehewa hata kodi ya barabara.

Kwao ni starehe ya Jumapili na kwetu ni ugali. Lakini kanuni inayofanya kazi ni ile ile. Pikipiki inaishi baada ya kiwanda chake kufa ikiwa ujuzi wa kuitengeneza uko nje ya kiwanda, mikononi mwa watu.

Na mikononi mwa watu ndiko uliko huku kwetu. Kijiwe cha bodaboda si mahali pa kusubiri abiria tu. Hapo ndipo kijana anapojifunza kusikiliza injini, hapo ndipo michango inakusanywa mwenzao akivunjika mguu au akifiwa, na pikipiki ikizima porini usiku, anayepigiwa simu ni mwenzake wa kijiweni. Gereji iko hatua chache kutoka hapo kwa sababu fundi na dereva wanakula kwenye sahani moja. Ukibadilisha kinachotengenezwa, unagusa mpangilio huo wote.

Ya umeme

Tuseme ukweli wa upande wa pili, maana upo. Pikipiki ya umeme haina pistoni, ringi, plagi, kabureta wala oili ya injini. Vinavyoweza kuharibika ni vichache. Haina kelele wala moshi, na anayekaa juu yake kutwa ndiye anayenufaika wa kwanza. Bei ya petroli ikipanda, mwenye umeme hashituki sana. Madereva wa mijini wanaozichukua hawakurogwa.

Tofauti iko kwenye betri. Betri ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na katika mfumo unaoenea zaidi Afrika Mashariki huinunui. Unaikodi: ikiisha unakwenda kituoni, unaiacha, unapewa iliyojaa. Kwa mtu wa Kigali mwenye vituo kila upande, hilo linarahisisha maisha. Kwa wewe uliye kilomita 60 kutoka mjini, na betri moja ambayo kwa kawaida haifikishi kilomita 100, kwenda na kurudi tu ni hesabu ya roho mkononi.

Rudi sasa kwenye ule mkataba wetu. Ukimaliza malipo ya pikipiki ya petroli, unabaki na chuma kilichochoka lakini ni chako chote, na fundi wa jirani anaweza kukirudisha. Ukimaliza malipo ya pikipiki inayotumia betri ya kukodi, fremu ni yako, ila moyo wake bado ni wa kampuni. Kampuni ikipandisha bei ya kubadilisha betri, utalipa. Kampuni ikifunga ofisi, utabaki na fremu. Betri nyingi pia zina kifaa ndani kinachozisimamia, na kampuni inaweza kujua pikipiki iko wapi au kuizima kutoka mbali. Wanasema ni kwa ajili ya wezi, na ni kweli wezi wapo. Lakini fundi wa chini ya mwembe hawezi kuifungua hata akiwa hodari, na akijaribu bila mafunzo anahatarisha maisha yake, kwa sababu betri hizo zikitobolewa zinaweza kuwaka moto.

Kwa hiyo hatukushauri uikatae. Tunakushauri uulize kabla ya kuweka sahihi. Betri ni ya nani, na je, unaruhusiwa kununua yako? Unaweza kuichaji nyumbani au kwenye sola ya dukani, au lazima kituoni? Betri ya kampuni nyingine inaingia? Spea zinauzwa dukani au kwao tu? Ukichelewesha malipo siku mbili kwa sababu mtoto anaumwa, pikipiki inazimwa? Majibu ya mdomo hayatoshi, yaandikwe.

Haya si madai ya watu wanaopinga maendeleo. Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria ya betri inayosema kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vyombo vyepesi vya usafiri ziwe zinaweza kutolewa na kubadilishwa na fundi wa kujitegemea, hata zile seli za ndani. Wazungu wenye maduka ya kampuni kila mji wameona wanahitaji fundi asiye wa kampuni. Sisi tunaoishi mbali na kampuni tunamhitaji zaidi, na wabunge wetu wanaweza kuulizwa mbona kwetu hakuna kifungu kama hicho kwenye masharti ya kuingiza pikipiki hizi nchini.

Upande wa mafundi kuna mlango mmoja ulio wazi tayari. VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini, bila kupita darasani, na kuwapa cheti cha ujuzi walio nao. Fundi wa gereji ya kijijini mwenye miaka kumi kwenye injini anaweza kuuomba katika chuo cha VETA kilicho karibu naye. Cheti hicho kitathibitisha kwamba anaijua petroli. Betri itabidi ajifunze upya. Mafunzo hayo ndiyo tunayoyatafuta sasa, na tukipata chuo kinachompokea mtu aliyeishia darasa la saba, tutakitangaza hewani siku hiyo hiyo.