Jamaa wa Pikapu za Laki Tano Anachekwa, Ila Wanaocheka Hawajui Wanachocheka

Stori ya mjini Bukoba siku hizi ni moja. Mpiga solo wa bendi fulani ya harusi kutoka Muleba kachukua mkwanja, na humo ndani imo hela ya bendi iliyotengwa kwa ajili ya spika, akaagiza pikapu Kampala zikaingia kwa Mutukula. Waliosikia nusu nusu wakadhani kanunua gari la kubebea ndizi. Wapi! Ni pikapu za gitaa, vile vinasa vinavyokaa chini ya nyuzi. Laki tano na chenji. Boksi limeandikwa maneno matamu, kwamba ukifunga hizi unapata sauti ya kizamani, zilipendwa kabisa.

Shoo ya kwanza ilikuwa send-off huko Kamachumu. Mzee mmoja kaomba kitu cha enzi za Mbaraka Mwinshehe, jamaa kagusa nyuzi, likatoka bonge la sauti zito kama roki. Klipu ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na vikatuni vya kulia kwa kucheka. Sasa kiongozi wa bendi anasema hela irudi, la sivyo jamaa akae pembeni na nafasi yake ichukue kinanda chenye biti za kubonyeza.

Kuchukua hela ya wenzako bila kuwauliza ni utovu wa adabu, hilo halina mjadala. Lakini kwenye suala la sauti, jamaa alikuwa anatafuta kitu cha kweli. Kakosea boksi tu.

Wapo wanaosema zilipendwa ni vidole, siyo vyuma. Nusu ya ukweli. Dansi la zamani halikuwa gitaa moja linalojitanua. Kulikuwa na solo, second solo, rizimu na besi, kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi. Ili masikio yatenganishe magitaa matatu manne kwa wakati mmoja, kila gitaa lazima liwe safi, jembamba kidogo, lenye kung'aa juu. Likija moja limenenepa katikati, linayameza mengine yote. Ndicho kilichotokea Kamachumu. Na wazee wa Kagera, ambao masikio yao yamelelewa na enanga, kitu cha hivyo wanakistukia kabla hata ya beti la kwanza kuisha.

Pikapu yenyewe siyo uchawi. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Ukizidisha mizunguko unapata nguvu, ila ule mng'ao wa juu unapungua na katikati panajaa. Fender ilipotoa Stratocaster mwaka 1954, pikapu zake za koili moja zilikuwa zinasoma kama kilo-omu 6 hivi kwenye mita. Za jamaa, fundi redio mmoja kapima, zinakaribia 13. Halafu chini yake kuna sumaku ya kauri, ile nyeusi kama ya kwenye spika, wakati zile za zamani zilitumia aliniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Kwa hiyo neno "kizamani" lilikuwa kwenye boksi, kwenye waya halikuwemo.

Ila namba ya mita nayo isiabudiwe. Ukitumia waya mwembamba zaidi namba inapanda hata kama mizunguko ni ileile, kwa hiyo linganisha pikapu za aina moja. Zile za koili mbili, ambazo Seth Lover wa Gibson alizibuni mwaka 1955 ili kuua mvumo, zilikuwa zinasoma 7 mpaka 9 na bado ni za kizamani halali. Na kwa maisha ya bendi ya harusi, hizo ndizo zenye akili. Umeme wetu ni wa hezi 50, ukumbi una taa za tyubu, nje kuna jenereta: koili moja itavuma kuanzia MC anaposhika maiki mpaka keki. Koili mbili zenye aliniko na mizunguko ya wastani, basi.

Tena kabla ya laki tano kuna mambo ya bure. Kuishusha pikapu mbali na nyuzi kwa bisibisi kunasafisha sauti kuliko watu wanavyodhani. Kurudisha voliumu ya gitaa nyuma kidogo, bure. Nyuzi mpya, hela ndogo. Huyu bwana alirukia mwisho wa foleni.

Kingine ambacho hakiuzwi Kampala wala Kariakoo: sauti ambayo watu wanaikumbuka ilipita kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, ikanaswa kwenye tepu, halafu ikatoka kwenye kispika kidogo cha redio ya nyumbani. Pikapu ni kipande kimoja cha hiyo safari.

Kumtoa kwa sababu hiyo na kuweka kinanda ni ujinga mkubwa kuliko wa pikapu. Harusi zenye kinanda cha kubonyeza ziko kila kona kuanzia Bukoba mpaka Muleba mjini, na wateja wanaolipia bendi wanalipia magitaa. Jamaa azirudishe zile za zamani, inasemekana hajazitupa, auze hizi kwa vijana wa roki au wa kanisani wanaopenda kupiga kwa nguvu, alipe hela ya spika kidogo kidogo kutoka kwenye shoo.

Kuna kulehemu hapo, na nyaya zile hazitaki mkono mzito. Mwenye kumjua fundi Bukoba anayeshika gitaa bila kuunguza kitu, aseme hapo chini ni mtaa gani, maana inasemekana bendi ina harusi tatu Desemba.