Binti Yuko Juu, Chini Yuko Nani?

Mwili wa mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu. Hilo halina mjadala. La kushangaza ni jinsi watu wazima wa Marekani, wenye elimu zao, wanavyoichezea amana hiyo katika ushangiliaji wa timu, ule wa kupandana na kurushana hewani, kisha wakapiga makofi.

Machi 2006, mjini St. Louis, mshangiliaji wa chuo kikuu cha Southern Illinois aliporomoka kutoka kwenye piramidi ya watu, kiasi cha futi 15, akaangukia kichwa. Pingili ya shingo ikapata ufa. Akiwa amefungwa kwenye machela anatolewa, bendi ilipiga wimbo wa timu, naye akaanza kurusha mikono kama kawaida yake. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Ushupavu wa binti yule unastahili sifa zote. Lakini wakubwa waliomwita shujaa walikuwa wapi kabla hajapanda? Siku chache baadaye ligi ya chuo hicho, Missouri Valley, ilikataza kurusha watu na kupanga piramidi inayozidi ghorofa mbili katika mashindano yake ya wanawake. Majuto ni mjukuu.

Sheria hazikosekani. Kuna ule mrusho wa kikapu: wabebaji wawili hukamatana vifundo vya mikono, binti akasimama juu ya mikono hiyo, akapaishwa hewani. Huo umepigwa marufuku juu ya mbao tupu za uwanja wa mpira wa kikapu. Mwaka 2012 madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walitaka ushangiliaji uhesabiwe mchezo rasmi, na anayeshukiwa kuumia kichwa asirudi mpaka daktari aandike ruhusa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa, ole wake mtoto, guu linalovunjika si la mkaidi. Huko Wisconsin msichana wa sekondari alianguka mazoezini, akaumia kichwa. Godoro halikutandikwa, kocha alikuwa na kundi jingine, na mwenzake aliyepaswa kumdaka hakuwa nyuma yake. Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa ya jimbo, ambayo mwaka 2009 iliamua kwamba huu ni mchezo wa kugusana, hivyo mwenzake hawezi kudaiwa kwa uzembe tu. Uamuzi wa kisheria huo. Uzembe ukabaki uzembe.

Na wazazi nao! Riboni kubwa kichwani, rangi usoni, nguo za kumetameta: pesa hupatikana. Mtoto akiambiwa avue hereni kabla ya kupanda, kama sheria isemavyo, mama ananuna. Umaridadi umekuwa mkubwa kuliko shingo?

Makocha wengi ni watu wa kujitolea, na Mungu awalipe. Asiye na godoro wala mdakaji wa nyuma awafundishe watoto nyimbo, makofi na hatua za ngoma, miguu ikiwa chini, mpaka godoro lifike. Mkuu wa shule akiuliza piramidi iko wapi, amwonyeshe bei ya godoro.