Kura Si Kukosa Huruma

Wapo wanaoona kwamba kuamua kwa kura nani apewe dawa ya majaribio ni kumchezea mwanadamu. Mimi naona kinyume: kura hulinda ukweli, na ukweli humlinda mgonjwa.

Mwaka 1930, huko Lanarkshire, Uskoti, wanafunzi wapatao 20,000 walishirikishwa katika jaribio la maziwa. Kwa miezi minne nusu yao walikunywa maziwa shuleni. Nusu hawakupewa, ili walinganishwe. Walimu waliruhusiwa kubadilisha majina kundi moja lilipoonekana kuwa na watoto wengi mno walioshiba au waliodhoofu. Mwaka uliofuata mwanatakwimu W. S. Gosset alionyesha kasoro: tangu mwanzo, wasiopewa maziwa walikuwa warefu na wazito kuliko wenzao. Yaelekea walimu, kwa huruma, waliwapeleka watoto maskini kwenye maziwa. Basi umaskini na maziwa vikachanganyika, ikawa vigumu kujua kipi kimefanya nini.

Kura haimjui maskini wala tajiri. Makundi yakiwa makubwa, hata tofauti tusizozijua hugawanyika karibu sawa pande zote mbili.

Mitume nao walipiga kura kumpata Mathia, wakitafuta chaguo la Mungu. Lakini kwanza waliteua wawili waliofaa, wakasali. Nasi tutangulize maadili: mtu aridhie kwa hiari, wala asinyimwe tiba inayojulikana kufaa. Ndipo kura ipigwe.

Mwenye njaa tumlishe leo, bila kura. Ila tukitaka kujua kipi kinaponya, huruma isichague majina.